Imani ya Mfugaji Ndiyo Mtaji: Namna ya Kupata Wateja Wapya katika Biashara ya Usafi wa Mbwa na Paka

Mbwa wa ulinzi amekuwa sehemu ya nyumba nyingi za mijini nchini kwa miaka mingi, na paka ni mkazi wa kale wa miji ya pwani. Lililo jipya ni kazi iliyozaliwa pembeni mwa ufugaji huo: kumwogesha mnyama, kumchana na kumpunguza manyoya, kumkata kucha, kumsafisha masikio na kumkagua kama ana kupe au viroboto, yote kwa malipo. Katika majiji kama Dar es Salaam, Arusha, Dodoma na Mwanza, kazi hiyo imeanza kuwa chanzo cha kipato kwa vijana na wanawake, wengine wakiwa na chumba cha kupangisha, wengine wakiwa na begi la vifaa tu mgongoni.

Karibu kila anayeianza hukutana na swali lilelile mapema: wateja wapya watatoka wapi? Jibu linalotolewa haraka ni matangazo. Bango huwekwa barabarani, picha hupandishwa kwenye Instagram, na bei hushushwa kwa mwezi wa kwanza. Njia hizo zina nafasi yake, kwani hata sokoni husemwa kuwa biashara ni matangazo. Hata hivyo, huduma hii ina jambo linaloitofautisha na saluni ya binadamu. Anayehudumiwa hawezi kusimulia alivyotendewa. Mwenye mbwa anapomkabidhi mnyama wake kwa mtu asiyemfahamu, anachonunua kwanza ni imani kwamba mnyama atarudi salama, bila jeraha, bila hofu na bila ugonjwa.

Aidha, kuna upande wa pili wa imani hiyo, nao unamhusu mtoa huduma mwenyewe. Mbwa asiyechanjwa anapoingia katika chumba cha kuogeshea, kila aliyemo amewekwa karibu na hatari ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishaonekana kwa binadamu karibu kila mara huishia kwenye kifo. Kwa sababu hiyo, suala la kupata wateja katika biashara hii halitenganishwi na suala la afya ya jamii, na anayeliona hilo mapema ndiye mwenye nafasi kubwa ya kudumu sokoni.

Kumfahamu mteja kabla ya kumtafuta

Hatua ya kwanza ni kutambua kwamba wafugaji hawafanani. Kundi kubwa ni la wenye mbwa wa ulinzi. Hawa humwona mbwa kama askari wa nyumba na si kama pambo, na neno “urembo wa mbwa” huwachekesha. Mfugaji wa aina hiyo hawezi kuvutwa kwa picha ya mbwa aliyefungwa utepe shingoni. Humvuta zaidi maelezo kwamba mbwa aliyejaa kupe hudhoofika, kwamba kupe wa kahawia wa mbwa huweza kueneza magonjwa ya damu, na kwamba kupe na viroboto hawabaki bandani bali huingia hadi sebuleni wanapochezea watoto.

Kundi la pili ni la wafugaji wa mbwa na paka wa ndani, wakiwamo wenye mbwa wadogo wa manyoya marefu. Hawa tayari wanajua umuhimu wa usafi, na wanachotafuta ni mkono mwepesi, vifaa safi na ratiba ya uhakika. Kundi la tatu ni la taasisi: kampuni za ulinzi zinazotumia mbwa, hoteli na makazi ya pamoja yenye wapangaji wanaofuga. Mkataba mmoja na taasisi ya namna hiyo unaweza kuleta kazi ya kila mwezi isiyotegemea msimu.

Katika miji ya pwani, hali ya jamii nayo huzingatiwa. Familia nyingi za Kiislamu hufuga paka lakini hujitenga na mbwa kwa sababu za twahara. Mtoa huduma anayetenga siku za paka na siku za mbwa, na kuwa na beseni, taulo na brashi tofauti kwa kila upande, huonyesha heshima na papo hapo hupunguza hofu ya wanyama wenyewe, kwa kuwa paka wengi hupata taharuki kwa harufu na sauti ya mbwa. Utaratibu huo ukielezwa wazi, huwa sababu tosha ya mwenye paka kuichagua huduma hiyo.

Kuna mtu mwingine ambaye husahaulika mara nyingi. Katika nyumba nyingi, anayemlisha mbwa na kumfunga asubuhi si mwenye nyumba bali ni mlinzi wa getini, mtunza bustani au mfanyakazi wa ndani. Huyo ndiye anayejua kama mbwa huuma, ndiye anayemshika wakati wa kuogeshwa, na ndiye ambaye mwenye nyumba humuuliza jioni: “Yule kijana alifanyaje kazi?” Mtoa huduma anayemsalimia kwa heshima, kumweleza anachokifanya na kumfundisha namna ya kuchana manyoya katikati ya ziara mbili hujipatia msemaji ndani ya nyumba bila gharama yoyote.

Kadi ya chanjo kama mlango wa kuingilia

Wanaoanza biashara huogopa kwamba kudai kadi ya chanjo kutawafukuza wateja. Hofu hiyo inaeleweka, lakini mwelekeo wake umegeuzwa. Mfugaji makini hujiuliza mbwa wake ataogeshwa katika beseni gani na kuwekwa jirani na mbwa yupi. Anapokuta kila mnyama anadaiwa kadi kabla ya kupokelewa, hupata jibu la swali ambalo pengine hakulitamka.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao barani Asia na Afrika, na asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15. Wataalamu wanakubaliana kwamba kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo hukata mnyororo wa maambukizi, na lengo la kimataifa ni kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Kampeni za chanjo ya mbwa kisiwani Pemba zimeonyesha kwamba jambo hilo linawezekana hata katika mazingira ya Afrika Mashariki.

Mtoa huduma za usafi hawezi kuchanja mbwa, kwa kuwa kazi hiyo ni ya wataalamu wa mifugo. Anachoweza ni kuuliza, kukumbusha na kuelekeza. Mbwa akiletwa bila kadi, njia yenye busara si kumfukuza mwenyewe kwa maneno makali, bali kumpa maelezo ya kliniki ya mifugo iliyo karibu au ofisi ya mifugo ya kata, kumpangia tarehe ya kurudi na kuiandika mbele yake. Mteja anayeondoka na tarehe mkononi huwa bado ni mteja. Mbwa huchanjwa kwa kawaida kuanzia umri wa miezi mitatu na chanjo hurudiwa kwa ratiba anayoelekezwa mfugaji na mtaalamu, mara nyingi kila mwaka. Hivyo, tarehe ya chanjo ikiwa imeandikwa katika daftari la huduma, ujumbe mfupi wa kumkumbusha mfugaji wiki mbili kabla huwa ni msaada kwake na ni sababu ya mazungumzo mapya.

Uhusiano huo hufungua njia nyingine yenye tija zaidi, yaani ushirikiano na madaktari wa mifugo. Daktari hukutana na wafugaji wapya kila siku, lakini wengi hawana muda wa kuchana manyoya yaliyoshikamana au kukata kucha za mbwa kumi. Akiwa na hakika kwamba mtoa huduma fulani hupokea wanyama waliochanjwa tu, husafisha vifaa kati ya mnyama mmoja na mwingine, na hurudisha kliniki kila mnyama mwenye kidonda au uvimbe badala ya kujaribu kumtibu, atawaelekeza wafugaji kwake bila wasiwasi. Maneno mawili ya daktari yana uzito kuliko bango la barabarani. Maduka ya chakula na dawa za mifugo nayo ni sehemu nzuri ya kuacha kadi za mawasiliano, kwa kuwa mwenye mbwa hufika hapo mara kwa mara.

Kwa usalama wa wafanyakazi, wataalamu wa afya hupendekeza chanjo ya kujikinga kabla ya kuumwa kwa watu ambao kazi zao huwakutanisha na hatari hiyo mara kwa mara. Iwapo mtu ataumwa au kukwaruzwa na mnyama anayeshukiwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda usiopungua dakika 15, kisha aende kituo cha kutolea huduma za afya bila kuchelewa. Maelekezo hayo yakibandikwa ukutani, mteja anayeyasoma akisubiri huelewa kwamba yupo mahali panapojua kazi yake.

Mipaka ya kazi na ulinzi wa sheria

Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamtaka anayemhifadhi mnyama kumtunza bila ukatili. Misingi ya ustawi inayotambuliwa kimataifa ni mitano: mnyama asiteseke kwa njaa na kiu; asikae katika mazingira yanayomsumbua; asiachwe na maumivu, jeraha au maradhi; apate nafasi ya kuonyesha tabia yake ya asili; na asiishi kwa hofu na dhiki. Kwa biashara ya usafi, misingi hiyo hutafsiriwa katika mambo ya kila siku, kama vile maji ya kunywa kwa mbwa anayesubiri, kivuli, sakafu isiyoteleza, na uamuzi wa kusitisha kazi pale mnyama anapozidiwa na woga.

Kwa upande mwingine, Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 inaweka utaratibu wa kuwatambua wanaoruhusiwa kutoa huduma za afya ya wanyama, chini ya usimamizi wa Baraza la Veterinari. Kuchoma sindano, kushona jeraha au kutoa dawa za kutibu si kazi ya mwogeshaji ambaye hana sifa hizo. Tangazo linaloahidi “kutibu ngozi” au “kumaliza minyoo” linaweza kuvuta wateja kwa wiki mbili na kuiletea biashara matatizo kwa miaka. Vilevile, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye jukumu la kuisimamia.

Mipaka hiyo si kikwazo, kwa sababu ndani yake umo ujuzi mwingi ambao mteja hana. Ngozi ya mbwa haina kiwango cha uasidi kinacholingana na cha ngozi ya binadamu, hivyo sabuni ya kufulia na shampuu za watu huweza kuikausha na kuiwasha. Permethrini, kemikali iliyomo katika baadhi ya dawa za kupe za mbwa, ni sumu kali kwa paka. Dawa za kuogeshea ng’ombe hazipaswi kutumiwa kwa mbwa kwa kukisia vipimo. Mbwa aliyepakwa dawa ya matone mgongoni kwa kawaida hatakiwi kuogeshwa ndani ya siku mbili kabla au baada, la sivyo dawa hupungua nguvu. Mbwa mwenye manyoya ya tabaka mbili, kama mbwa wa Kijerumani wa uchungaji, hapozwi kwa kunyolewa hadi ngozi; anachohitaji ni kuchanwa ili manyoya mafu ya ndani yatoke.

Joto la pwani nalo lina kanuni zake. Mbwa hutoa jasho kidogo sana, hasa kwenye nyayo, na hupoza mwili kwa kuhema. Kumfungia katika chumba kisicho na hewa huku akipulizwa kwa mashine ya hewa moto kunaweza kumzidishia joto mwilini hadi kumuua, na mbwa wenye pua fupi wako katika hatari kubwa zaidi. Mtoa huduma anayemweleza mteja mambo haya kwa lugha nyepesi anajitangaza bila kujisifu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Usajili kama ushahidi wa uaminifu

Baadhi ya wajasiriamali huuchukulia usajili kama mzigo wa kodi. Kwa mteja, hasa taasisi, ni ushahidi kwamba anayemkabidhi mnyama wake atapatikana kesho. Kwa Tanzania Bara, jina la biashara husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, kwa njia ya mtandao. Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, TIN, hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, na leseni ya biashara ya ngazi ya halmashauri huombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Kampuni ya ulinzi au hoteli haiwezi kuingia mkataba na mtu asiye na nyaraka hizo, hata kama mkono wake ni mwepesi kuliko wa wengine wote.

Kabla ya kuchagua mahali, ni vyema kuzungumza na ofisi ya Serikali ya Mtaa na maofisa afya. Maji machafu yenye dawa na manyoya hayatakiwi kutiririka mtaani, na majirani wanaosumbuliwa na kelele za mbwa huharibu jina la biashara haraka kuliko mshindani yeyote.

Kumfuata mteja alipo

Ugumu mmoja wa biashara hii nchini ni usafiri. Mbwa mkubwa wa ulinzi hapandi bodaboda wala daladala, na wengi hawajawahi kutoka nje ya geti. Mwenye gari naye hapendi kuweka mbwa mwenye kupe kwenye viti vyake. Kwa hiyo, huduma ya kumfuata mteja nyumbani huondoa kizuizi kabla hakijatajwa. Haihitaji gari la kifahari. Begi lenye shampuu, brashi, kikata kucha, taulo, mkufu wa ziada, kifunga mdomo na dawa ya kusafishia vifaa linatosha kuanzia, mradi nyumba ina bomba na sehemu ya kivuli.

Ili safari zisile faida, kata au mtaa hupangiwa siku yake. Jumanne ikiwa ya Mikocheni na Alhamisi ya Mbezi Beach, mteja mmoja wa mtaa huwa mwanzo wa wengine, kwani jirani humwona mwogeshaji akiingia kwenye geti la pili kila baada ya wiki kadhaa. Mteja akiambiwa kwamba akimleta jirani yake nauli ya siku hiyo itagawanywa kwa nyumba mbili, yeye mwenyewe huchukua kazi ya kutangaza.

Ziara ya kwanza ndiyo huamua

Mteja mpya hupatikana kwa tangazo, lakini hubaki kwa ziara ya kwanza. Utaratibu wake haupaswi kubahatishwa. Kwanza, maswali: umri wa mnyama, chanjo, maradhi aliyowahi kuugua, dawa anazotumia, kama amewahi kuuma na anachokiogopa. Pili, ukaguzi mbele ya mwenye mnyama, ili kidonda au upara uliokuwapo uandikwe kabla ya kazi kuanza. Hatua hiyo ya dakika tano huzuia ugomvi mwingi. Tatu, makubaliano ya bei na ya kitakachofanyika, yakiwamo mamlaka ya mtoa huduma kusitisha kazi mnyama akizidiwa.

Kwa mbwa mwoga au mbwa mchanga, ni afadhali ziara ya kwanza iwe fupi: kuogeshwa na kuchanwa tu, kucha zikiachwa kwa siku nyingine. Mbwa aliyelazimishwa siku ya kwanza humkumbuka mtu huyo kwa hofu, na ziara ya pili huwa vita. Mwishoni, mwenye mnyama hupewa maelezo mafupi ya kilichoonekana, kwa mfano idadi ya kupe waliotolewa na sehemu walipokuwa, hali ya masikio, uzito na lolote linalohitaji jicho la daktari. Maelezo hayo, yakitumwa kwa WhatsApp jioni hiyo, ndiyo yanayosambazwa kwa ndugu na marafiki.

Bei na hesabu ya mteja anayerudi

Punguzo kubwa la siku ya ufunguzi huleta watu wengi wanaotafuta unafuu wa mara moja. Kwa biashara changa yenye mikono miwili, wingi huo ni hatari pia, kwa kuwa mbwa mkubwa anaweza kuchukua saa moja hadi mbili, na kazi ya haraka ndiyo huzaa mikato ya ngozi na kucha zinazovuja damu. Njia yenye nafuu zaidi ni kutoza bei kamili ziara ya kwanza na kuweka punguzo katika ziara ya pili, ikifanyika ndani ya wiki sita.

Mfano wa hesabu unaweza kulifafanua jambo hilo. Ikiwa ada ni shilingi 25,000, mteja wa mara moja huleta shilingi 25,000 na habari yake huishia hapo. Mteja anayerudi kila baada ya wiki sita huja walau mara 8 kwa mwaka, sawa na shilingi 200,000. Wateja 30 wa aina hiyo huleta shilingi 6,000,000 kwa mwaka, wakati wateja 30 wa mara moja huleta shilingi 750,000. Gharama za maji, shampuu, umeme na nauli hutolewa katika kiasi hicho, lakini uwiano haubadiliki: mteja mmoja anayerudi ana thamani ya wanane wanaopita. Bei nazo zibandikwe wazi kwa ukubwa wa mnyama na hali ya manyoya, kwani mteja anayekisia kuwa ametozwa kwa kutazamwa gari lake harudi.

Mitandao ya kijamii na siri ya mteja

Picha ya kabla na baada ya huduma ni tangazo lenye nguvu. Hata hivyo, picha hizo hubeba zaidi ya mbwa. Nyuma yake kunaweza kuonekana geti, namba ya nyumba, gari au mahali mbwa wa ulinzi anapofungwa. Maelezo kwamba mbwa “amekaa kwetu wiki nzima” humwarifu mwizi kwamba nyumba haina ulinzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 inaweka masharti ya ukusanyaji na utumiaji wa taarifa za watu, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayoisimamia. Kwa hiyo, ridhaa ya mteja itafutwe kabla ya picha kuchapishwa, picha zipigwe mbele ya ukuta usio na alama, na namba za simu za wateja zisigawiwe kwa wafanyabiashara wengine.

Kwenye mitandao, maudhui yanayodumu ni yale yanayomsaidia mfugaji hata kama hajawa mteja: namna ya kumtoa kupe bila kumpasua, dalili za sikio linaloumwa, au saa zinazofaa kumtembeza mbwa wakati wa joto. Malalamiko yakitolewa hadharani, yajibiwe kwa upole na kwa ufupi, kisha mazungumzo yahamishiwe kwenye simu.

Kumbukumbu, mtaji na fursa zilizopo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la biashara hii linapaswa kuwa na jina la mnyama, tarehe ya chanjo, tarehe ya huduma, tabia yake na jambo moja zaidi: mteja alisikia wapi habari za huduma hiyo. Baada ya miezi mitatu, safu hiyo huonyesha kama wateja wanatoka kwa daktari, kwa jirani, kwa bango au mtandaoni, na fedha za matangazo huelekezwa panapozaa.

Kwa upande wa mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, ikiwa ni asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chenye mpango wa biashara ulioandikwa, daftari la wateja na makubaliano na kliniki ya mifugo huwa na hoja nzito zaidi mbele ya maofisa maendeleo ya jamii. Ujuzi wa msingi wa kumshika mnyama na kutambua dalili za maradhi unaweza kutafutwa kwa wataalamu waliosomea Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mkoani Morogoro au katika vyuo vya Wakala ya Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, hutoa mafunzo ya ujasiriamali.

Fursa nyingine ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, inayoadhimishwa kila Septemba 28, tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, miaka kumi baada ya kufanikisha chanjo ya ugonjwa huo kwa binadamu. Katika siku hiyo, wafugaji hukusanyika na mbwa wao mahali pamoja kwa ajili ya chanjo. Mtoa huduma anayejitolea kusaidia kupanga foleni, kukata kucha au kufundisha watoto namna ya kumkaribia mbwa asiyemfahamu hukutana kwa saa chache na wafugaji ambao angewatafuta kwa miezi. Hana haja ya kuwashawishi, kwa kuwa wanamwona akifanya kazi.

Wafugaji nao wana wajibu wao. Kabla ya kumkabidhi mbwa au paka kwa mtoa huduma yeyote, waulize kama anadai kadi ya chanjo, waone vifaa vinavyosafishwa, waombe risiti na wajue ni daktari gani wa mifugo anayeshirikiana naye. Soko likianza kuuliza maswali hayo, wanaofanya kazi kwa uangalifu ndio watakaopata wateja wapya, na kila mbwa anayeletwa kuogeshwa atakuwa amepita kwanza kwenye chanjo.